Gari la zamani linalowaka likipenda: namna ya kuisaka hitilafu ya umeme

Gari lililokufa kabisa ni rahisi kulitengeneza. Linalotesa ni lile linalogoma asubuhi, likawaka saa nne kana kwamba hakuna kilichotokea, likatembea wiki nzima, kisha likagoma tena kituo cha mafuta huku walio nyuma wanapiga honi. Ukilivuta hadi gereji linashika mara moja, na fundi anakutazama wewe. Kinachofuata kinajulikana: betri mpya, halafu stata (mota inayozungusha injini ianze) ya mtumba, halafu altaneta (inayochaji betri), na mwezi unaofuata mgomo uko pale pale.

Hapa tutakwenda kinyume na utaratibu huo. Hakuna kinachonunuliwa mpaka kipimo kimesema, na kipimo chenye thamani ni kile kilichochukuliwa gari likiwa limegoma. Hitilafu ya kuja na kuondoka mara nyingi iko kwenye maungio: kibanio cha betri kilicholegea, ethi (njia ya umeme kurudi hasi kupitia injini na bodi) iliyoota kutu, swichi iliyochoka, soketi ya rilei (swichi inayoamrishwa kwa umeme) iliyopata moto. Vipo vifaa vichache vinavyokufa na kufufuka, na nitavitaja, lakini ukianza na vifaa utamaliza hela kabla ya kufika kwenye tatizo.

Mfano wangu ni Toyota Corolla 110, yenye injini ya 5A-FE ya cc 1,498, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1995. Bado ni nyingi barabarani kwetu na ina kila kitu tunachohitaji kwa somo hili: stata ya kampuni ya Denso, distributa (inayogawa moto kwa plagi), rilei za kutosha, na nyaya ambazo zimeshapitia mikono mingi. Mwenye Carina, Sprinter au Nissan ya miaka ya 1990 anaweza kukuta majina ya fyuzi na sehemu za kupimia ni tofauti, lakini mantiki ni ile ile.

Vitu vya kuwa navyo

Multimita (kipimo cha volti, ampea na ohm), hata ile ya bei ndogo, ilimradi isome volti 20 na ampea 10. Spana namba 10 na 12. Brashi ya waya na msasa. Waya mwembamba wa mita nne hivi, wa kukufikisha kutoka betri hadi nyuma ya gari. Na mtu wa kugeuza ufunguo, kwa sababu vipimo vingi vya maana vinachukuliwa stata ikiwa inapiga.

Kitu kinachosahauliwa ni balbu. Chukua balbu ya taa ya breki ya wati 21, iunge nyaya mbili zenye vibanio, basi. Multimita haivuti umeme wowote wa maana, kwa hiyo waya ulioliwa na kutu ukabaki unagusana kwa shida utakuonyesha volti 12 safi na utaamini uko mzima. Balbu ya wati 21 inavuta karibu ampea 1.75. Waya huo huo ukiulizwa na balbu, taa itawaka nyekundu hafifu au isiwake kabisa. Nikilazimishwa kuchagua kimoja kati ya hivyo viwili porini, nachagua balbu.

Kuhusu usalama: handibreki juu, gia kwenye P au fri, pete na saa ya chuma vuliwa. Betri inayochajiwa inatoa haidrojeni, na haidrojeni hailipuki kwa hisani, kwa hiyo sigara na cheche viwe mbali. Ukifungua betri anza na hasi, ukifunga malizia na hasi. Na kama ni lazima upige shoti stata kwa bisibisi, kama wengi wanavyofanya, hakikisha kwa mkono wako kwamba gia iko fri. Gari lenye gia ya kwanza litaondoka na wewe uko mbele yake.

Hatua ya kwanza: jua ni mgomo wa aina gani

"Gari haliwaki" ni maneno yanayobeba matatizo manne tofauti. Siku linapogoma, kabla hujafungua boneti, washa taa kubwa, geuza ufunguo hadi START na uangalie taa huku ukisikiliza.

Ukisikia kimya kabisa na taa hazibadiliki, stata haijapata amri. Tatizo liko kwenye njia ya waya mdogo: swichi ya ufunguo, swichi ya gia (inayozuia stata isipige gari likiwa kwenye gia), rilei, au alamu.

Ukisikia "ta!" moja nzito na taa hazififii, amri imefika lakini umeme mkubwa haupiti kwenda kwenye mota. Hapo mshukiwa ni stata yenyewe.

Ukisikia "tatatata" ya haraka, au "ta" moja huku taa zinakufa, umeme ni mdogo: betri imeisha au maungio yake ni mabovu.

Stata ikizungusha injini kwa nguvu zote lakini haishiki, achana na betri. Unatafuta moto wa plagi, mafuta, au umeme wa kompyuta ya injini.

Andika kwenye simu: aina ya mgomo, injini ilikuwa ya moto au baridi, mvua ilinyesha, gari lilioshwa, tangi lilikuwa na kiasi gani, redio na feni vilikuwa vinafanya kazi. Baada ya migomo michache utaona inafanana. Gari linalogoma likiwa la moto tu linakwambia jambo tofauti kabisa na linalogoma baada ya kuoshwa injini.

Betri na vichwa vyake

Acha gari lipumzike saa kadhaa, washa taa kubwa dakika moja, zima, kisha pima. Volti 12.6 ni betri iliyojaa, 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 ni nusu. Chini ya 12.0 imekaribia kuisha. Sasa mwenzako apige stata huku unaangalia: isishuke chini ya 9.6 au 10. Betri inayosoma 12.6 ikiwa imekaa, kisha ikaanguka hadi 7 stata inapopiga, imekufa ndani hata kama ilinunuliwa mwaka jana.

Kuna betri za aina ya peke yake ambazo zimekatika kiungo cha ndani. Zinapiga vizuri mara kumi, mara ya kumi na moja gari zima linakuwa giza, hata saa ya dashibodi inafutika, halafu linarudi. Ukiweka vidole vya multimita juu ya vichwa vyenyewe wakati huo, utaona volti zimeporomoka kabisa. Kama vichwa vinasoma 12 lakini gari ni giza, betri haina kosa. Kosa liko kati ya kichwa na kibanio, yaani kile cha mwisho wa kebo kinachokishika kichwa.

Na hapo kati ndipo penye mambo. Corolla hizi nyingi zilitoka Japani na betri ya umbo la B24, ambayo ina vichwa vyembamba. Betri za umbo hilo hilo zinatengenezwa pia zikiwa na vichwa vinene, na hizo namba yake huishia na S, kama 46B24LS. Mtu ananunua yenye vichwa vinene, vibanio havitoshi, vinapanuliwa kwa bisibisi. Miaka miwili baadaye inanunuliwa yenye vichwa vyembamba, vibanio vinacheza, fundi anachomeka kipande cha kopo au msumari kujaza nafasi. Gari linawaka. Siku ya joto kali au ya barabara mbovu linagoma. Ukikuta msumari hapo, umeshapata sababu ya kutosha kununua vibanio vipya vya saizi sahihi, na ni kati ya vitu vya bei ndogo kuliko vyote utakavyonunua kwa ajili ya gari hilo.

Unga mweupe au wa kijani uoshe kwa maji ya moto yenye magadi kidogo, vibanio vikiwa vimefunguliwa na vifuniko vya betri vimefungwa vizuri. Kausha, piga msasa ndani ya kibanio na nje ya kichwa mpaka ving'ae, funga, kisha ndipo upake grisi juu. Jaribu kukizungusha kibanio kwa mkono. Kikizunguka, hakijafungwa.

Kipimo kinachomaliza ubishi: volti zinazopotea njiani

Wengi wanapima kama umeme "umefika". Swali la maana ni umepotea kiasi gani njiani wakati kazi inafanyika. Stata ya gari dogo huvuta zaidi ya ampea 100. Chukulia ampea 150: upinzani wa ohm 0.01 tu, ambao multimita ya kawaida haiwezi kuusoma, unakula volti 1.5. Ndiyo maana kupima ohm za kebo ya betri ni kupoteza muda, na ndiyo maana kebo inayoonekana nzima inaweza kuwa ndiyo mwizi.

Chomoa fyuzi iliyoandikwa EFI (ya mfumo wa kuingiza mafuta kwenye injini) kwenye kisanduku cha chini ya boneti ili injini isishike. Weka multimita kwenye volti za DC. Kisha:

1. Kidole kimoja kwenye kichwa hasi cha betri, kichwa chenyewe na si kibanio. Kingine kwenye bodi ya stata. Piga stata sekunde tano. Isome chini ya volti 0.2 hivi. Ikisoma 0.8 au zaidi, ethi ya injini ni mbovu.

2. Rudia, kidole cha pili kikiwa kwenye bodi ya gari, sehemu ya chuma isiyo na rangi. Hapa unapima ethi ya bodi.

3. Kidole kimoja kwenye kichwa chanya cha betri, kingine kwenye boliti kubwa ya stata inayopokea kebo nene. Isizidi volti 0.5.

Ukipata namba kubwa, sogeza kidole hatua kwa hatua: kutoka kichwa kwenda kibanio, kutoka kibanio kwenda kwenye shaba ya kebo, kutoka shaba kwenda kwenye boliti. Namba itaruka mahali fulani, na mahali hapo ndipo penye tatizo. Huhitaji kubahatisha tena.

Ethi mbovu ina dalili zake nje ya stata pia. Gari lililonyooshwa bodi na kupigwa rangi mara nyingi hurudi na rangi chini ya boliti za ethi, na matatizo yanaanza wiki hiyo hiyo. Ukiwasha indiketa taa ya pembeni nayo inapepesa. Mshale wa joto unapanda ukiwasha taa kubwa, unashuka ukizima. Na ile inayowashangaza wengi: kebo ya akselereta kupata moto stata inapopiga, kwa sababu umeme uliokosa njia umeamua kupita hapo. Kwa magari ya pwani, kuanzia Lamu hadi Mtwara, fungua ethi zote za chini ya boneti usafishe bila hata kusubiri dalili. Chumvi haiombi ruhusa.

Ile "ta!" moja: ndani ya stata ya Denso

Hili ni tatizo la Toyota za zama hizi kiasi kwamba ukisikia "ta" moja na taa hazififii, unaweza kulikisia kabla ya kupima. Lakini pima.

Nyuma ya stata kuna boliti mbili kubwa. Moja, inayoitwa 30, inapokea kebo ya betri. Nyingine, C, inapeleka umeme kwenye mota. Kati yao, ndani ya solenoidi (sumaku ya umeme ya stata), mna vipande viwili vya shaba, na kisahani cha shaba kinachovigusa vyote viwili kwa pamoja sumaku inapovuta. Kila unapowasha gari, cheche inakula shaba kidogo. Baada ya miaka kimoja kimeliwa kuliko mwenzake, kisahani kinagusa upande mmoja tu, na unapata "ta" bila mzunguko. Ukigeuza ufunguo mara tano au sita, kisahani kinazunguka kidogo, kinapata sehemu yenye shaba, gari linawaka. Ndiyo maana mgomo wa aina hii unaanza mara moja kwa mwezi, unakuwa wa kila wiki, kisha wa kila siku.

Weka kidole kimoja cha multimita kwenye 30, kingine kwenye C, na mwenzako ageuze ufunguo. Kabla ya kugeuza itasoma karibu volti 12. Stata ikipiga sawasawa inaanguka karibu na sifuri. Ukisikia "ta" na bado inasoma 12 au karibu yake, shaba hazigusani. Hukumu imetoka. Ikiwa imeanguka hadi sifuri na mota haizunguki, umeme umevuka lakini kaboni za mota (vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka) zimeisha au zimekwama. Hapo ndipo kuigonga stata taratibu kwa mpini wa spana kunapoiamsha kwa muda.

Vipande vya shaba na kisahani vinauzwa peke yake. Gerezani, Kariakoo, au Kirinyaga Road Nairobi, peleka vya zamani mkononi ulinganishe umbo, maana viko vya aina zaidi ya moja. Kubadilisha stata nzima kwa ya mtumba ni kununua vipande vingine vya shaba vilivyoliwa, na bei yake ni mara kadhaa. Fundi wa stata anayejua kazi atafungua solenoidi, atabadilisha shaba, ataangalia kaboni na atatia grisi kwenye gia, yote kwa asubuhi moja.

Kimya kabisa

Hapa unaufuata waya mwembamba unaoingia kwenye stata, unaoitwa 50. Unganisha balbu kati ya waya huo na chuma cha injini, mwenzako ageuze hadi START.

Balbu ikiwaka kwa nguvu na stata iko kimya, koili ya solenoidi imekatika au ethi ni mbovu. Isipowaka, rudi nyuma kuelekea kwenye ufunguo. Ikiwaka hafifu, pima kwa multimita waya ukiwa umechomekwa kwenye stata: ukikuta volti 7 au 8 wakati betri ina 11, swichi na maungio ya njiani vimekula nguvu na sumaku haina uwezo wa kuvuta. Hali hii huzidi injini ikiwa ya moto. Dawa yake nzuri ni rilei moja ya ampea 30 karibu na stata: waya wa zamani uamrishe rilei, na rilei ilete umeme mpya kutoka betri kupitia fyuzi. Ni kazi ndogo na huipunguzia mzigo swichi ya ufunguo kwa miaka iliyobaki ya gari.

Gia otomatiki ikikaa kwenye P na kimya, peleka N ujaribu. Likiwaka kwenye N, swichi ya gia imehama au imechafuka.

Swichi ya ufunguo yenyewe ina sehemu mbili, na watu huzichanganya. Kuna kitasa cha chuma kinachoshika ufunguo, na kuna kipande cha plastiki nyuma yake chenye shaba za umeme. Kinachochoka ni hicho cha plastiki. Injini ikiwa imewaka, tikisa ufunguo kidogo juu na chini: taa za dashibodi zikipepesa au injini ikishtuka, umekipata. Hakuna haja ya kununua kitasa kizima na kubeba funguo mbili. Na huo mzigo wa funguo za nyumba, ofisi, duka na kufuli la geti unaoning'inia hapo uondoe leo.

Alamu na traka

Kabla ya kufungua chochote kingine, uliza kama gari limewahi kufungwa alamu au traka (kifaa cha kufuatilia gari liko wapi). Vifaa hivi karibu vyote vinafanya kazi kwa kukata waya mmoja, wa stata au wa pampu ya mafuta, na kuweka rilei kati yake. Rilei hiyo hutundikwa chini ya dashibodi, ikifungwa kwa selotepu, na maungio yake ni nyaya zilizosokotwa kwa vidole. Traka ya mkopo uliokwisha lipwa zamani inaweza kuwa bado imo, haina laini, haina mwenye kuikumbuka, na rilei yake inakata pampu kila gari linaporuka tuta.

Piga magoti, angaza tochi chini ya usukani, tafuta nyaya ambazo rangi na unene wake havifanani na za kiwandani. Zifuate. Kama huitumii alamu, irudishe njia ya waya kama ilivyotoka kiwandani. Kwa gari lililonunuliwa kwa mtu, mimi huanza hapa hata kabla ya betri.

Stata inazungusha, injini haishiki

Weka swichi kwenye ON bila kupiga stata. Taa ya injini kwenye dashibodi lazima iwake. Isipowaka, na balbu yake ni nzima, kompyuta haina umeme: fyuzi ya EFI, rilei kuu ya EFI, au tena swichi ya ufunguo. Shika rilei hiyo kwa vidole mwenzako akiwasha na kuzima, utaisikia ikiruka. Soketi yake iangalie kwa chini, plastiki iliyobadilika rangi kuwa ya kahawia inaonyesha pini imelegea na kupata moto.

Halafu moto wa plagi. Chomeka plagi ya akiba kwenye waya wa plagi, ibane mwili wake kwenye chuma cha injini kwa waya wa kubustia, usiishike kwa mkono, na kusiwe na harufu ya petroli. Cheche iwe ya bluu na yenye sauti. Kama gari lina mshale wa mizunguko, uangalie stata ikipiga: ukitikisika kidogo, mfumo wa moto unatuma ishara, ukikaa sifuri kabisa, tazama distributa na soketi yake.

Pampu ya mafuta imewapoteza mafundi wengi. Kwenye Toyota nyingi za aina hii pampu haifanyi kazi kwa kuwasha swichi tu. Inasubiri stata ipige na kompyuta ione injini inazunguka. Kwa hiyo kimya cha pampu swichi ikiwa ON si ushahidi. Ushahidi unaupata kwenye kisanduku cheusi chini ya boneti kilichoandikwa DIAGNOSIS. Ndani yake kuna tundu la +B na la FP. Yaunganishe kwa kipande cha waya, swichi ON, na pampu itavuma chini ya kiti cha nyuma. Ikivuma hapo lakini haivumi stata ikipiga, pampu ni nzima na unayemtafuta ni rilei yake au ishara ya distributa.

Kisanduku hicho hicho kinatoa namba za makosa. Unganisha TE1 na E1, washa swichi, hesabu miwako ya taa ya injini. Ikiwaka na kuzima kwa mwendo mmoja usiokatika, hakuna kosa lililohifadhiwa. Namba 12 na 13 zinahusu ishara ya mzunguko kutoka distributa, 14 ni ishara ya moto kutoka kwenye igniti (kifaa kinachoamrisha moto wa plagi). Zisome kabla ya kufungua betri, kwa sababu ukiifungua zinafutika, na pamoja nazo kumbukumbu pekee ya mgomo wa jana.

Ukishapitia mafuta, moto na umeme wa kompyuta, hapo sasa wanakuja wale wanaokufa na kufufuka. Igniti, koili, na koili ndogo za ndani ya distributa zinaweza kukatika zikipata moto na kuungana zikipoa. Gari linazima ghafla kwenye foleni saa nane mchana, linakaa nusu saa, linawaka. Huwezi kulikamata likiwa baridi. Tembea na ile plagi ya akiba kwenye gari; likizima, pima cheche hapo hapo barabarani kabla halijapoa. Hakuna cheche, na dakika thelathini baadaye cheche ipo: umebaki na vifaa viwili au vitatu vya kuchunguza badala ya gari zima. Nyumbani unaweza kuuiga mgomo kwa mashine ya kukaushia nywele, ukikipasha kifaa kimoja kimoja injini ikiwa inanguruma.

Waliooshewa injini na gari likagoma wafungue kifuniko cha distributa wakikaushe. Mara nyingi hapahitajiki zaidi ya hilo.

Betri inaisha ikiwa imelala

Kwanza chaji. Injini ikinguruma, betri isome kati ya 13.8 na 14.5. Chini ya 13.3 haichaji vya kutosha, juu ya 15 inaichemsha betri. Ukiwasha swichi na taa nyekundu ya betri haiwaki kabisa kwenye dashibodi, usifurahi. Balbu yake au njia yake imekatika, na altaneta inaweza kukataa kuamka.

Kile kipimo cha kuchomoa kibanio cha betri gari likiwa linawaka ili kuona kama altaneta inafanya kazi, kikatae hata kama anayekifanya ana mvi. Betri ndiyo inayotuliza volti. Ukiiondoa zinaruka juu, na unaweza kupoteza regyuleta (kidhibiti cha volti) au kompyuta kwa sekunde moja.

Kama chaji ni nzuri na bado asubuhi ni tupu, kuna kinachokunywa usiku. Zima kila kitu, funga milango, chomoa hasi ya betri, weka multimita kwenye ampea 10 kati ya kichwa na kibanio. Usiguse ufunguo ikiwa hapo, fyuzi ya multimita itakatika. Gari la aina hii likilala halipaswi kuvuta zaidi ya miliampea 50, na nyingi zake ni redio na saa. Ampea 0.5 inakula saa-ampea 12 kwa siku, kwa hiyo betri ya saa-ampea 45 inafika nusu ndani ya siku mbili. Chomoa fyuzi moja moja mpaka namba ianguke. Isipoanguka kwa fyuzi yoyote, mshukiwa ni kitu kilichofungwa moja kwa moja kwenye betri, kama amplifaya au traka, au diodi za altaneta (zinazozuia umeme wa betri kurudi ndani yake). Chomoa waya mnene wa altaneta betri ikiwa imefunguliwa, uunge tena multimita, uone.

Ukishaipata

Waya usisokotwe na kufungwa tepu. Ubanwe kwa kiungo cha shaba au uchomwe risasi, kisha uvishwe mpira wa kubana kwa moto. Fyuzi ya ampea 15 irudishwe ya 15. Ukikuta waya wa shaba umefungwa mahali pake, uondoe na utafute kilichokuwa kinaikata. Waya uliotafunwa na panya hauwi peke yake, fuata fungu lake lote la nyaya.

Kisha rudia kipimo kile kile kilichoonyesha kosa na uandike namba mpya kando ya ya zamani. Kama mgomo ulikuwa wa injini ya moto, likimbize gari mpaka lipate moto, lizime, subiri dakika kumi, liwashe; fanya hivyo mara kadhaa karibu na nyumbani kabla ya kulipeleka Dodoma.